Uruguay na Rekodi Zake: Kombe, Ngoma na Nyama Choma

Waafrika wengi wanaijua Uruguay kwa mkono wa mshambuliaji wake Luis Suárez. Julai 2, 2010, katika robo fainali ya Kombe la Dunia jijini Johannesburg, muda wa nyongeza ukiyoyoma, aliupangua kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa ukiingia wavuni. Asamoah Gyan akagonga mwamba kwa penalti, Ghana ikatolewa, na Afrika ikasubiri hadi 2022 kuiona timu yake ya kwanza, Morocco, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kinyongo hicho kina haki yake. Ila tukiishia hapo, tutakosa mengi.

Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 3.5 tu. Hakuna taifa lenye watu wachache kuliko hilo lililowahi kutwaa Kombe la Dunia, nalo limelitwaa mara mbili. Mwaka 1930, katika mashindano ya kwanza kabisa, wenyeji waliifunga Argentina 4-2 kwenye Uwanja wa Centenario, Montevideo. Kwa kuwa timu zilibishania mpira wa kutumia, kipindi cha kwanza kilichezwa kwa mpira wa Argentina, na Argentina wakaongoza 2-1. Cha pili kwa mpira wa Uruguay, na mambo yakageuka. Goli la nne lilitiwa na Héctor Castro, ambaye sehemu ya mkono wake ilikatwa na msumeno wa umeme alipokuwa mtoto. Mwaka 1950 wakaenda kuwaliza Wabrazili ndani ya Maracanã, 2-1.

Lakini mimi naiheshimu zaidi rekodi ya 1916. Katika michuano ya kwanza ya Amerika Kusini, Uruguay iliwapanga Isabelino Gradín na Juan Delgado, wachezaji Weusi. Baada ya kuchapwa 4-0, huku Gradín akifunga mawili, Chile walilalamika kwamba wapinzani wamechezesha Waafrika. Malalamiko yakatupwa. Miaka minane baadaye José Leandro Andrade, naye Mweusi, alikuwa kivutio cha Olimpiki ya Paris, na dhahabu ikaenda Montevideo.

Wachezaji hao na Weusi wenzao wa Uruguay ni wazao wa watumwa walioletwa kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji. Wao walichangia kuipa nchi rekodi yake inayosikika mbali zaidi: kanivali inayotajwa kuwa ndefu kuliko zote duniani, siku zipatazo 40, kuanzia mwishoni mwa Januari. Kwaya za murga, nyuso zimepakwa rangi, huwachamba wanasiasa jukwaani usiku baada ya usiku. Kilele, kwangu, ni gwaride la Llamadas katika mitaa ya Barrio Sur na Palermo, ambako ngoma za candombe (chico, repique na piano) hupigwa kwa mkono mmoja mtupu na mwingine ukiwa na kijiti. Desemba 1978 utawala wa kijeshi uliwahamisha wakazi wa Mediomundo, jengo la wapangaji lililokuwa kitovu cha ngoma hizo, kisha ukalibomoa. Wapigaji hawakunyamaza. Leo Desemba 3 ni siku ya kitaifa ya candombe, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Wimbo wa taifa wa Uruguay nao ni miongoni mwa mirefu mno duniani. Ukipigwa wote unapita dakika nne, hivyo viwanjani hukatwa. Kwa kunywa mate, kinywaji cha majani kama chai, Waruguay hawana mpinzani: kibuyu mkononi, chupa ya maji moto kwapani, hata barabarani. Cha kuchekesha ni kwamba majani yenyewe hutoka zaidi Brazil.

José Mujica, rais wa 2010 hadi 2015, aliitwa rais maskini kuliko wote. Aliishi shambani, akaendesha Volkswagen ya 1987 na kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake. Sifa hiyo aliikataa hadi kufa kwake mwaka 2025; alijiona mtu asiyehitaji vingi.

Kwenye nyama choma, Aprili 2008 Montevideo ilichoma tani 12 kwa siku moja, rekodi ya dunia ambayo majirani waliivunja baadaye. Mwaka 2017 mji wa Minas ukajibu kwa uchomaji mwingine mkubwa mbele ya wakaguzi wa Guinness. Malighafi ipo: ng'ombe ni zaidi ya watatu kwa kila raia, na kila ng'ombe ana hereni ya utambulisho sikioni.