Je, Wajua? Namba ya tarakimu 21 iliyodhaniwa tasa

Je, wajua kwamba namba 147,573,952,589,676,412,927 ilikaa miaka zaidi ya 200 kwenye orodha ya namba tasa, na kumbe ina vigawo? Andika 2 mara 67, zizidishe zote, toa 1: ndiyo hiyo. Kwa lugha ya kompyuta ni tarakimu 1 tupu, sitini na saba mfululizo.

Je, wajua aliyeiingiza humo? Ni mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, mwaka 1644. Alidai kwamba hadi kipeo cha 257, namba za aina hii huwa tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Alikosea mara tano: 67 na 257 hazistahili, na 61, 89 na 107 zilimponyoka. Kwa mtu wa kalamu na karatasi, si haba.

Je, wajua kwamba kipeo kuwa tasa hakutoshi? 11 ni tasa, lakini kwa kipeo hicho unapata 2,047, yaani 23 × 89.

Je, wajua kwamba mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alithibitisha kuwa namba yetu si tasa bila kutaja hata kigawo chake kimoja? Huyu namvulia kofia. Njia yake, iliyokuja kunolewa na D. H. Lehmer, ni hii: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoichunguza, chukua baki, rudia. Kwa kipeo 67 unarudia mara 65. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, basi tena.

Je, wajua nani alivipata vigawo? Mmarekani Frank Nelson Cole, Oktoba 1903, mbele ya wanahisabati wenzake New York. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno: alikokotoa namba hiyo upande mmoja wa ubao, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, ukumbi ukampigia makofi. Kazi hiyo, inasemekana, ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Je, wajua kwamba kila kigawo cha namba hii, ukikigawa kwa 67, lazima kibakize 1? Kile kidogo ni 67 × 2,891,160, ongeza 1. Bila kanuni hiyo, hata Jumapili za miaka thelathini zisingetosha.

Je, wajua unaweza kumkagua Cole sasa hivi? Jumlisha tarakimu za vigawo vyake: 37 na 64. Jumlisha za namba yenyewe: 109. Endelea kujumlisha, zote tatu zinapitia 10 na kuishia 1, na 1 × 1 ni 1. Huo ni ukaguzi, si uthibitisho. Ukitaka uthibitisho, zidisha mwenyewe kwa kalamu, maana vikokotoo vingi vya shuleni havina nafasi ya tarakimu 21.