Mwenzetu Alipoacha Kuja Mazoezini

Kundi letu la kukimbia hapa Dubai halina jezi wala kocha. Tuko kama kumi na watano: wauguzi, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, Watanzania, Wakenya na Waganda. Jumamosi alfajiri tunakutana Kite Beach, na miezi ya Julai na Agosti tunajitahidi kumaliza kabla jua halijapanda, maana joto la huku halina mzaha.

Kati yetu yumo kaka mmoja kutoka Bonde la Ufa, mwanariadha kweli kweli. Alikaa kambini Iten miaka kadhaa, hakupata mbio za kumtoa kimaisha, akaja kufanya kazi ya ulinzi. Sisi tukihema, yeye alikuwa anapiga hadithi. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake.

Mwaka jana alianza kukosa. Jumamosi moja, kisha tatu mfululizo. Kwenye kundi la WhatsApp tukamtania: amepata mchumba, ameogopa joto. Mimi pia nilitupia utani wangu. Akajibu kwa kidole gumba, na wiki iliyofuata akajitoa kwenye kundi bila neno. Nina diploma na digrii ya uuguzi, na wodini mgonjwa akibadilika kidogo tu namwona. Huyu sikumwona.

Aliyetushtua ni dereva mmoja wa kundi. "Jamaa kaniuzia viatu vyake vya kukimbilia," akasema, "kwa bei ya kutupa." Alikuwa anafurahia viatu. Mimi moyo ulinipasuka, kwa sababu mtu anayeachia ghafla vitu anavyovipenda ni wa kufuatwa siku hiyo hiyo.

Jioni nilimkuta nje ya makazi yao, tukanunua chai ya karak. "Sista, ni uchovu tu," akaanza. Sikubishana naye. Nikamuuliza analala saa ngapi, anakula nini. Polepole yakatoka: kano ya kisigino imeuma miezi minne, hawezi kukimbia, zamu ni za saa kumi na mbili, deni la safari halijaisha, na baba yake bado anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko Dubai anajiandaa kwa marathoni.

Nikamuuliza waziwazi: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi wetu tunaogopa swali hili tukidhani litampandikizia mtu wazo. Sivyo. Mara nyingi linampa nafasi ya kutua mzigo. Alitazama kikombe kwa muda mrefu, kisha akasema ndiyo.

Usiku ule hakulala peke yake. Asubuhi wawili wetu tulimpeleka kwa daktari, akaanza matibabu ya sonona na kuonana na mshauri nasaha. Kundi likagawana zamu: huyu anapeleka chakula, yule anakaa naye baada ya kazi. Hakuna aliyemhubiria. Dereva alirudisha viatu, hakutaka pesa yake.

Tangu hapo nimewaza sana jinsi tunavyolea wanariadha wetu. Nimekua na hadithi ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji. Naipenda hadithi ile. Lakini mtoto akisikia hiyo tu, anajifunza kwamba kusimama ni aibu. Ndiyo maana nilifurahi, ingawa wengine walimcheka, Simone Biles alipojitoa kwenye fainali Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili yake haikuwa sawa. Mwanariadha amezoea kuvumilia maumivu. Akipata sonona huiita uvivu, na jeraha likimzuia kukimbia linamnyang'anya kitu kilichokuwa kinamtuliza.

Iten wamelipa gharama kubwa zaidi. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1, huko Ujerumani. Wanariadha wenzake, wakiwemo Viola Cheptoo na Joan Chelimo, walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanaoteswa majumbani, pamoja na kuwapatia ushauri nasaha. Cheptoo alikimbia New York mwezi uliofuata akashika nafasi ya pili, akiwa bado na msiba. Watu hawa walikuwa wakishindana kwa pesa zilezile. Hilo ndilo linalonigusa.

Kwetu tumebadili mambo machache. Mtu akikosa mara mbili, mmoja anampigia simu, si kumtania kwenye kundi. Tunauliza usingizi kabla ya kilomita. Namba ya ambulensi, 998, kila mtu anayo kwenye simu, kwa sababu rafiki akiwa hatarini sasa hivi hilo si jambo la kusubiri miadi ya kliniki.

Kaka yetu bado hakimbii. Kisigino kinapona taratibu, na kuna wiki ambazo haongei sana. Jumamosi iliyopita alikuja na chupa za maji, akakaa kwenye benchi kutupimia muda. Mimi alinitangazia dakika mbili pungufu. Saa yangu ilisema vingine, nikanyamaza.