Herufi Moja Yaweza Kuivunja Nguvu Dawa

Kila aliyekaa chuoni ajua kwamba neno kalbu na neno qalbu hutengana kwa herufi moja tu. La kwanza ni mbwa, la pili ni moyo. Katika viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho mambo ni hivyo hivyo, na yeyote mwenye mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani yampasa kulijua hilo.

Ndani ya kila bakteria mna karakana ndogo ndogo ziitwazo ribosomu, kazi yake kuunda protini. Amri ya kuunda huja imeandikwa kwa herufi tatu tatu. Vifaa huletwa na wachukuzi, ambao wataalamu huwaita RNA ya uchukuzi. Kila mmoja ana herufi zake, mfano wa hamali wa gatini na cheti cha gunia lake: kikiafikiana na amri hupokewa, kisipoafikiana hurudishwa. Mmoja wa wasimamizi wa ukaguzi huo ni protini iitwayo S12.

Streptomaisini, dawa aliyoigundua Albert Schatz nchini Marekani mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, hujipachika karibu na msimamizi huyo, ukaguzi ukalegea, wachukuzi wasiostahiki wakapita. Protini hutoka mbovu, na bakteria hufa. Katika majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 1948, wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo, na katika miezi 6 wakafa 4. Katika 52 wasiopewa wakafa 14. Lakini wengi wa waliotibiwa walionekana baadaye kuwa na vidudu visivyoisikia dawa tena.

Kwa nini? Katika amri ya kuundia S12 yenyewe, mara nyingi AAG huwa imegeuka AGG. Kwa herufi hiyo moja kiungo cha 43 hubadilika, lisini ikawa arjinini, na dawa haifanyi kazi. Yako mageuzi mengine ya S12 yamfanyayo msimamizi kuwa mkali mno, hata kazi ikazorota. Lakini hili la kiungo cha 43 halimgharimu bakteria kitu kikubwa, ndiyo maana huonekana sana.

Wala si dawa inayoleta mageuzi hayo. Hutokea yenyewe, kwa nadra mno. Dawa ikiwa moja huwaua wengine wote, ikamwachia uwanja huyo mmoja. Zikiwa kadha, aliyeiponyoka hii huuawa na ile. Majaribio ya hospitali za Afrika Mashariki, yaliyotangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba mchanganyiko ulio na rifampisini watosha kwa miezi 6. Leo matibabu ya kawaida huanza kwa dawa nne pamoja.

Basi, enyi watu wa Kengeja na kwingineko, kikohozi kikitulia baada ya wiki chache msidhani maradhi yamekwisha. Aachaye dawa katikati huwaachia vidudu vilivyosalia nafasi ya kuzaana, na huenda akawaambukiza watoto wake maradhi yasiyosikia dawa. Mhimizeni mgonjwa wenu amalize siku zake zote.