Mfasiri wa Filamu na Watazamaji Wake

Aliyepata kuishi Jinja au Mbale katika miaka ya 1990 hakosi kukumbuka kibanda cha video: mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyoinuliwa juu, deki ya kanda, na watu wamebanana gizani. Filamu zilitoka Marekani, Hong Kong na Bara Hindi, na wengi waliolipa kiingilio hawakuzielewa lugha zake.

Hapo ndipo alipozuka mfasiri, ambaye Waganda humwita vijei. Alishika kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu, akasimulia kwa Kiganda. Hakufasiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika majina ya mitaani, akatia mzaha, na watazamaji walipoguna alibadili mwendo papo hapo. Wao ndio waliomfunza kazi.

Baadaye sauti hiyo ilianza kunaswa pamoja na filamu, kwanza katika kanda, kisha katika sidii. VJ Jingo wa Kampala akasikika katika miji mingi asiyokanyaga. Mwenye kibanda alinufaika, kwani hakuhitaji tena kumlipa msimuliaji. Lakini sauti iliyonaswa haijibiki: Mgisu wa Mbale au Msoga wa Jinja hana budi kuipokea ilivyo, hata mzaha wake usipomchekesha.

Mwaka 2010 mambo yaligeuka tena. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza kwa fedha kidogo mno filamu ya makomando iitwayo Who Killed Captain Alex?, na simulizi la VJ Emmie likawa sehemu ya filamu yenyewe. Kwa njia ya intaneti ikatazamwa hata Ulaya na Marekani.

Siku hizi filamu huingizwa katika flashi au simu, na kijana huitazama peke yake. Akina mama waliolalamika kwamba vibanda viliwatorosha watoto shuleni (na walikuwa na haki) sasa wanalo jambo gumu zaidi, maana mlango wa kibanda ulionekana, simu haionekani.

Kwa familia za kambini, ambako Kiswahili kimesemwa tangu enzi za King's African Rifles, iko njia nyingine. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Kenya inaye DJ Afro. Wote wawili walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na mzazi anayeketi na mwanawe kuzisikiliza ataweza walau kuguna.