Droni nyepesi ao nzito? Mambo ya kupima mbele kooperative itoe makuta



Katika mikutano yetu swali moja linarudi mara kwa mara: kooperative inunue droni ya kupiga picha za mashamba? Na kama ni kununua, ichukue ile ndogo inayoenea mkononi ao ile nzito ya wataalamu? Tofauti ya bei inaweza kumeza akiba ya msimu mzima. Na hapa kwetu, kati ya Butembo na Beni, kitu kinachoruka juu ya nyumba za watu si mchezo. Tupime pole pole, jambo moja kwa moja.

Kwanza kazi, kisha chombo

Wengi wanawaza droni juu ya soko la Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inadai kahawa na kakao zijulikane zilitoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limekata msitu kisha tarehe 31 Desemba 2020. Lakini tusome vizuri. Kwa shamba lisilopita hekta 4, sheria inaomba pointi moja tu ya GPS, yenye tarakimu sita kisha nukta. Simu ya kawaida inatosha kwa kuchukua pointi hiyo. Ni shamba linalopita hekta 4 njo linaombwa mpaka wote wa kuzunguka, na hata huo unaweza kuupata kwa kutembea na simu ao GPS ya mkono.

Kwa hiyo kama wamemba wako wako na nusu hekta ao hekta moja moja, usinunue droni juu ya sheria hiyo. Nunua batri nzuri za simu na ufundishe vijana wawili.

Droni inasaidia kwa kazi zingine: kuona sehemu za shamba zilizokauka ao kumomonyoka, kuhesabu miti katika shamba kubwa, kufuata mteremko mbele ya kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, ao kutengeneza ramani ya bonde ambalo watu wanagombania mipaka.

Nyepesi ni nini, nzito ni nini

Tuchukue mifano miwili inayojulikana. DJI Mini 4 Pro iko na gramu 249. Ilipotoka mwaka 2023, bei yake Marekani ilikuwa dola 759. DJI Mavic 3 Multispectral iko na gramu 951, na bei yake ni mara tano ao zaidi. Usichanganye hizi na droni kubwa za kupulizia dawa, zinazobeba makumi ya litri. Hizo ni habari nyingine.

Ile namba 249 haikutoka hewani. Marekani na Ulaya ziliweka gramu 250 kama mpaka wa masharti fulani, na viwanda vikatengeneza droni za kupita chini yake. Mpaka huo ni wa kwao. Muuzaji akikuambia "hii ni nyepesi, haiombi ruhusa", usimwamini.

Picha: tofauti ni ndogo kuliko bei

Ukirusha kwa mita 60 juu ya shamba, doti moja ya picha ya droni nyepesi inafunika karibu sentimita 2 za udongo. Kwa ile nzito ni pungufu kidogo, lakini tofauti haifiki sentimita moja. Zote mbili zinaonyesha mgomba mmoja mmoja.

Nguvu ya nzito iko kwengine. Kamera yake ya rangi inafunga picha yote mara moja, kwa hiyo inaweza kwenda mbio bila picha kupinda. Kisha iko na kamera nne zingine, zinazoona mwanga wa kijani, wa nyekundu, na aina mbili za mwanga ambazo macho yetu hayaoni vizuri ao hayaoni kabisa. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kurudisha sana ule usioonekana. Jani likichoka, kipimo hicho kinashuka, hata mbele jicho lione umanjano.

Lakini ramani hiyo inakuambia *wapi* mmea umechoka. Haikuambii *juu ya nini*. Ukame, udongo usio na azoti, mdudu, ugonjwa: vyote vinaweza kutoa rangi moja. Mnyauko wa migomba unahakikishwa kwa kukata shina na kuangalia usaha wa manjano unaotoka. Trakeomikozi, ile iliyomaliza robusta nyingi za upande wa Beni, inahakikishwa kwa kubandua ganda na kuona mti uliogeuka kahawia ndani. Panga na macho ya mkulima bado vinafanya kazi hiyo.

Tena, vipimo hivyo vinaenda vizuri katika shamba kubwa la zao moja, kama mahindi ao viazi. Katika shamba letu la maharagwe, migomba na mihogo pamoja, rangi zinachanganyika. Na kakao iliyo chini ya miti ya kivuli, droni inaona kivuli tu.

Saa ya kuruka na hesabu ya hekta

Tuhesabu kwa picha za kawaida. Kwa mita 60, picha moja inafunika karibu mita 86 za upana. Ili ramani ishikamane, picha zinapaswa kupandana, tuseme 70% pembeni. Hivyo kila mstari unaongeza mita 26 tu.

Droni nyepesi ikienda mita 4 kwa sekunde, kwa dakika 20 za kazi inapita mita 4,800. Zidisha na 26: ni hekta 12. Toa saa ya kugeuka, unabaki na hekta 8 ao 10 kwa batri moja. Nzito ikienda mita 8 kwa sekunde kwa dakika 28, inafika hekta 35. Toa kugeuka, unabaki na 25 ao 30.

Ona vizuri: nzito inashinda kama ardhi iko pamoja, konsesyo moja ya hekta mia. Kama mashamba yametawanyika juu ya vilima, saa nyingi zinaisha kwa moto na kwa miguu, kutoka kwa memba mmoja mpaka kwa mwingine. Hapo ile inayoingia ndani ya sakoshi njo inashinda.

Tusisahau milima. Butembo iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa karibu 15%. Mapanga ya droni yanatumika zaidi, batri inaisha mbio kuliko vile kiwanda kiliandika. Rudisha droni ikibaki 30%. Upepo wa mchana unasumbua nyepesi zaidi. Rusha asubui kisha ukungu kutoka. Mvua zote mbili hazipendi.

Na umeme: batri ya Mini inaomba karibu wati-saa 19, ya Mavic 77. Kama kooperative inategemea panelo moja ya jua, fanya hesabu: batri moja ya nzito inakula kama nne za nyepesi.

Usalama na ruhusa

Hapa ndipo tuwe na akili nyingi. Desemba 2013, MONUSCO ilirusha kutoka Goma droni za kwanza za Umoja wa Mataifa. Toka wakati huo watu wa kwetu wanajua droni kama kitu cha vita. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège. Mwanajeshi anayesikia mlio juu ya kichwa hawezi kujua kama unahesabu kahawa. Wala mama aliyekimbia kijiji chake mara mbili hawezi kujua. Nyepesi ao nzito, hatari hiyo ni moja.

Mbele ya kununua, komite iulize kwa maandishi: mamlaka ya usafiri wa anga (AAC), meya ao msimamizi wa teritwari, na wakuu wa jeshi na usalama wa pale. Kama jibu ni hapana, ao hakuna jibu, usinunue. Usirushe karibu na uwanja wa Rughenda, ambako ndege ndogo zinashuka chini kabisa. Usirushe karibu na kambi wala kizuizi. Mjulishe chefu na wakaaji siku moja mbele, na uwaonyeshe picha kisha kazi.

Uzito unahesabika siku droni inaanguka: kwa mwendo uleule, ya gramu 951 inapiga karibu mara nne kuliko ya 249. Usipite juu ya watu walio shambani.

Uamuzi

Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni za mabawa zisizofika kilo moja, na wanafunzi wa chuo kikuu chao walifundishwa kazi hiyo. Nguvu yao ilikuwa mafunzo, si uzito.

Kwa hiyo, mapendekezo yangu ni haya. Mashamba madogo yaliyotawanyika, na kazi ni GPS tu: baki na simu. Kuna ruhusa, kuna kazi ya ramani mara kadhaa kwa mwaka, na kuna mtu wa kuijua: chukua nyepesi, na batri tatu. Kuna konsesyo kubwa ya zao moja na agronomu wa kusoma vipimo: hapo nzito ina maana, lakini bora kooperative tatu ao ine zichange, ao zikodishe kwa siku mbili.

Peleka maswali haya katika mkutano mkuu: kazi gani? Hekta ngapi, pamoja ao zimetawanyika? Nani atairusha, nani atasoma picha? Barua za ruhusa ziko wapi? Kama swali la mwisho halina jibu, mengine yangoje.