Ua la Mbololo Laweza Kukua Kivulini Kwako Bila Kung'olewa Msituni

Duniani kote, ua la Saintpaulia teitensis hujiotea mahali pamoja tu: msitu wa Mlima Mbololo, hapa Taita Taveta. Hukaa kwenye mawe yenye kivuli chini ya miti mikubwa, majani yake yenye manyoya mafupi yakibaki kijani mwaka mzima na maua yakiwa ya zambarau. Limo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka, kwa hivyo shina moja likibebwa nyumbani ni pengo msituni, na huko nyumbani huenda lisimalize mwezi.

Mmea huu hauna haja ya kung'olewa ili uongezeke. Jani moja linatosha. Chukua jani lililokomaa, kata kikonyo kibaki kama sentimita 3, kisha ukichomeke kwa mshazari katika mchanga uliochanganywa na mboji. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa ili unyevu usipotee. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4. Ukifika mwezi wa 2 au wa 3, miche midogo huchipuka kando ya kikonyo. Itenganishe ikishapata majani yake.

Jani litoke wapi? Kwenye chungu cha jirani, au kitalu kinachoweza kukueleza asili ya mimea yake. Mimea inayouzwa mijini kwa jina la African violet kwa kawaida ni chotara wa jamaa zake wa milima ya Usambara, Tanzania. Hutunzwa vivyo hivyo, ila usikubali kuambiwa ni ya Mbololo.

Wanaoua mmea huu kwa maji ni wengi kuliko wanaousahau. Mwagilia udongo, si majani: maji baridi huyaachia madoa, na maji yakituama shina huoza. Udongo mzito ulegeze kwa mchanga na mboji, au panda katikati ya mawe. Jua la mchana huunguza majani, basi chagua chini ya mti. Mmea wenyewe hautambai. Ukitaka ufunike ardhi, acha sentimita 20 hivi kati ya mche na mche. Hewa ya Wundanyi inaufaa zaidi. Kwa joto la Voi na Taveta, heri chungu kwenye veranda.

Kutoa mmea, au hata jani, msituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Mwenye kitalu anayetaka kuuzalisha aanzie ofisi ya KFS. Kuhusu udongo na mboji, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.