Mdudu Rafiki, Mdudu Adui: Udhibiti Asilia wa Waharibifu wa Mimea Nakuru na Naivasha

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "mdudu" hubeba mzigo mkubwa. Hujumuisha siafu, buibui, kiwavi na hata viini vya maradhi. Mkulima akisema kwamba shamba limeingiwa na wadudu, ni nadra kuulizwa ni wadudu gani; hutafutwa dawa ya kuwaua. Hata istilahi "kiuawadudu" haibagui. Hata hivyo, udhibiti asilia wa waharibifu wa mimea umejengwa juu ya ubaguzi huo huo.

Mfano bora unapatikana Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, ambako waridi hukuzwa ndani ya mabanda ya plastiki. Joto kavu la mabanda hayo huustawisha utitiri mwekundu, ambao hufyonza maji ya majani kutoka upande wa chini na kufuma utando. Kizazi chake hukomaa kwa muda wa wiki mbili au chini ya hapo. Kwa hiyo, wachache wanaonusurika dawa huzaana upesi na kurithisha usugu. Suluhisho mojawapo ni kuachilia utitiri wa aina nyingine, Phytoseiulus persimilis, ambao chakula chake ni huo utitiri mharibifu. Kampuni ya Dudutech, iliyoko Naivasha, huuzalisha kwa ajili ya wakulima. Jina lenyewe limechota neno "dudu" kutoka Kiswahili.

Neno "mnyoo" nalo lina utata kama huo. Minyoo fundo huvimbisha mizizi ya nyanya na kuidhoofisha. Kinyume chake, Steinernema feltiae, mnyoo usiofikia urefu wa milimita moja, huingia ndani ya mabuu yaliyomo udongoni na kuachilia bakteria ambao huyaua kwa muda wa siku mbili hivi. Aghalabu hunyunyiziwa jioni juu ya udongo wenye unyevu, kwa sababu jua na ukavu huuangamiza. Haumdhuru binadamu.

Je, mwenye bustani ya sukuma wiki kule Bahati au Njoro atanufaikaje bila kununua chochote? Yeye huhitaji kutambua na kuhifadhi. Mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi hula vidukari. Vilevile, kidukari kilichovimba na kugeuka rangi ya kahawia kimekwisha kutagiwa yai na nyigu mdogo. Kikiachwa, atatoka nyigu mwingine wa kuendeleza kazi. Dhania ikiachwa itoe maua, nyigu hao hupata nekta. Lakini dawa kali ikinyunyizwa, walinzi hufa pamoja na wezi, na mara nyingi wezi ndio hurejea kwanza.

Ni dhahiri, basi, kwamba msamiati hapa si pambo. Asiye na jina la kumtofautisha rafiki na adui huwaua wote wawili. Wanaoandaa kamusi na vitabu vya kilimo kwa Kiswahili wana deni kwa mkulima huyo.